Kaa wa Sita

Benchi la kijiwe cha kahawa lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, nalo liliegemea ukuta wa duka la Dobi, chini ya dirisha linalotoa mvuke wa pasi mchana kutwa. Hapo kila ubishi uliamuliwa kwa vikombe: anayekubali anafudikiza chake, asiyekubali anakiacha wima, na wengi wakishinda hakuna kurudi nyuma. Kwa njia hiyo walikuwa wameshaamua mambo mengi wasiyoyajua. Siku hiyo Fundi Saa alikaa katikati, amepakata tangi la kioo lenye mchanga hadi nusu, na miguuni ameweka kapu la plastiki lenye mfuniko wa matundu. Ndani ya kapu, juu ya kitambaa kibichi, walitambaa kaa watano wa nchi kavu, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Wa sita alikuwa chini ya mchanga wa tangi, wiki ya tano sasa, na saa kumi mwenye nyumba alitaka funguo zake.

— Kuhama na wadudu! — alisema Spika, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kunong'ona tangu azaliwe. — Wamwagie maji, wafunike, safari ianze. Unaumiza kichwa cha nini?

— Hao watano hawana shida, — alisema Fundi Saa. — Shida ni huyu aliyejizika. Mkokoteni ukija, njia yote mashimo, mchanga utamporomokea. Nikimfukua, anakufa. Nikimwacha, kesho nyumba inabomolewa.

— Nani kakwambia ukimfukua anakufa?

Fundi Saa alitoa daftari mfuko wa shati. Mwandiko ulikuwa wa mkewe, wa kabla kiharusi hakijamnyang'anya ulimi na upande mzima wa kulia. Akawasomea: "Aliyejizika anajivua ngozi. Asifukuliwe hata kidogo. Anaweza kukaa miezi miwili. Tukihama, tangi libebwe mikononi, polepole, na mchanga wake."

— Si umeshajibiwa? — alisema Shangazi, muuza kahawa, akiinua birika. — Libebe mikononi.

— Mwendo wa saa nzima, Shangazi. Na mgongo wangu huu?

— Mko wanaume watatu hapo. Pokezaneni.

Hakuna aliyemsikia, au walijifanya hawakusikia.

Fundi Saa alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mkewe alishatangulia juzi kwa dada yake, wanakohamia, analala kitanda cha dirishani. Kila jioni alimtazama mumewe, akainua vidole vitano vya mkono wa kushoto, kisha kimoja. Hayo ndiyo maneno yote aliyobakiwa nayo. Fundi Saa humjibu, "Wapo wote, mama," naye hufumba macho akapumzika. Jioni hii angeinua tena.

— Mimi nakwambia ukweli, — alisema Dobi. — Huyo alishakufa zamani. Shati tu, likikaa wiki mbili ndani ya beseni, linaoza. Sembuse kiumbe? Wiki tano hajala, hajavuta hewa!

— Hajafa, — alisema Spika. — Ametoroka. Hao ni wachimbaji. Saa hizi ameshafika nyumba mpya, anawangoja.

— Ametoboa kioo?

— Kioo ni nini, Dobi? Mchanga ulioyeyushwa. Mchanga kwa mchanga wanajuana, anapenya tu.

— We bwana, umeamka salama leo?

— Basi wenzake wamemla. Waangalie hao walivyonona. Yule mwenye kombe jeupe hata kutazama watu hawezi.

Fundi Saa alicheka kidogo. Kicheko hicho kilimpa Spika moyo, akazidi kupaza sauti.

— Marehemu naye alikuwa anawapenda kweli hawa.

Shangazi alisimamisha birika hewani.

— Marehemu nani?

— Ah! Ulimi umeteleza.

— Mke wa mwenzako yu hai, Spika.

— Yu hai, nani amebisha? Shemeji yangu yule. Lakini haongei, hatembei... Nimesema ulimi umeteleza, basi.

Fundi Saa aliangalia mchanga. Neno lile lilimuuma, lakini kilichomtia aibu ni kwamba halikumshtua.

— Tufanye hivi, — alisema Dobi kwa sauti ya kusuluhisha. — Utampelekeaje mgonjwa mzoga ndani ya mchanga, uje unuke chumbani kwake? Heri kujua. Tukimkuta amekufa, tunatafuta mwingine wa kiasi chake. Hatatambua.

— Yule? Atatambua, — alisema Fundi Saa.

— Vikombe! — alisema Spika.

Spika akafudikiza chake. Dobi akafudikiza chake. Shangazi hakuwa na kura, maana vikombe vyote ni vyake. Fundi Saa alikuwa bado na kahawa. Angeweza kukiacha wima, wakabishana mpaka saa kumi. Akamaliza machicha kwa funda moja, akakifudikiza.

Walichimba kwa kijiko cha sukari, wakipokezana. Walipofika karibu na kioo cha chini, kijiko kiligota kwenye kombe. Dobi alifukua pembeni ili alitoe zima, na hapo kijiko kikazama kwenye kitu laini.

Kaa alikuwa amelala nusu nje ya kombe, mweupe, mwili umelainika kama utando wa maziwa, na ngozi yake ya zamani imekunjamana kando. Ubavuni palikuwa na mpasuko, panatoka majimaji. Mguu mmoja ukanyooka, ukajikunja polepole, ukanyooka tena.

— Mungu wangu, — alisema Spika, na kwa mara ya kwanza kijiweni hapo alinong'ona.

Fundi Saa alianza kumrudishia mchanga kwa vidole, punje kwa punje, vidole vilevile vilivyozoea parafujo za saa. Mkokoteni ukasimama mbele yao.

— Mzigo ndio huu? — aliuliza mwenye mkokoteni, mwanamume mgeni mwenye taulo shingoni. Akainama kutazama tangini. — He! Mnyama mzima huyu. Mbona mmemfukua?

— Tulijua amekufa, — alisema Dobi.

— Mlijuaje?

Aliuliza bila kejeli, kama mtu anayetaka kujifunza. Dobi akageukia dirisha lake. Spika akachukua kikombe kitupu, akakichungulia. Shangazi alikuwa analia, hakujificha.

Fundi Saa peke yake ndiye aliyekuwa na jibu, nalo halikutamkika. Hakujua lolote. Alikuwa amechoka kungoja, na aliyekuwa akimngoja si kaa tu.