Zablon Mogaka Nyaberi, Aliyepima kwa Mikono Miwili (1931–1978)

Marehemu Zablon Mogaka Nyaberi hakuchagua kitu kabla ya kukipima kwa mikono miwili. Akiwekewa kabichi mbili sokoni Sotik, alishika moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa wa kushoto, akafunga macho, akazipandisha na kuzishusha kama mtu anayebembeleza mapacha, huku wanawake nyuma yake wakianza kusema. Kama hakukuwa na kitu cha kushika, alipima hewa. Mkono wa kulia ulikuwa wa kukaa, wa kushoto ulikuwa wa kuondoka. Kisha alisema, "Nipe hadi Jumapili," kwa maana Jumamosi ni Sabato na mambo ya dunia hayaamuliwi siku hiyo. Wengi walioketi hapa leo wamewahi kuahidiwa Jumapili hiyo. Ni wachache walioiona ikifika.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1931 katika kijiji cha Riamogire, Kitutu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyaberi na marehemu Mama Kemunto. Mama yake alishikilia hadi mwisho wa maisha yake kwamba mtoto huyo alichelewa siku kumi na mbili kupita hesabu ya mkunga, na kwamba huko ndani alikuwa bado anapima. Kaka yake mkubwa, Mzee Nyang'au, anakumbuka baba yao alivyomtuma zizini alete mwanakondoo mmoja kati ya wawili. Jua lilitua kijana akiwa amesimama humo, amewabeba wote wawili, macho yamefungwa.

Alisoma shule ya misheni ya nyumbani kuanzia mwaka wa 1940 hadi 1947, akapita vizuri sana. Shule mbili za kati zilimwandikia barua wiki moja. Alizipima barua hizo mwezi mzima wa Januari, na alipopata jibu, shule zote mbili zilikuwa zimejaa. Hivyo ndivyo alivyofika katika majani chai ya Kericho mwezi wa Februari 1948, kwa miguu, akiwa na blanketi moja na Biblia.

Alianza kazi ya kuchuma chai katika shamba la Saramek. Miaka miwili baadaye akafanywa karani wa mizani, kwa sababu nyapara aligundua kwamba akishika kikapu mkononi husema ratili zake kabla sindano ya mizani haijatulia. Kazi hiyo ina sheria moja: uzito wa kikapu unatolewa, na siku ya mvua maji yanatolewa pia, ndipo jina la mchuma chai liandikwe. Makarani wengi wamelaaniwa kwa sheria hiyo. Marehemu hakumpunja mtu hata jani moja, na hakumwongezea mtu hata jani moja, akalaaniwa kidogo tu. Neno "toa kikapu" lilimkaa mdomoni akalitumia kwa kila kitu. Watoto wake walipozaliwa aliwapokea kwa mikono miwili, akafunga macho, akamwambia mkunga, "Ratili saba na nusu. Toa shuka."

Alicheza beki wa kulia wa Saramek hadi mwaka wa 1960 goti lilipovunjika, na mwaka uliofuata akawa meneja wa timu. Watu waliendelea kumwita Karani. Siku hizo mashamba ya chai yalitafuta mtu wa mpira jinsi yanavyotafuta mvua. Shamba lililomtaka lilimpa kazi na nyumba, na nyumba ilikuwa ya shamba. Kwa hiyo meneja aliyebadilisha timu alihama yeye, mke, watoto, ng'ombe na kabati.

Alifunga ndoa na Mwalimu Bilhah Nyanchoka siku ya Jumapili, tarehe 22 Desemba 1957. Bilhah alikuwa ametoka chuo cha ualimu na kupewa darasa katika shule ya shamba la Saramek. Uchumba ulikuwa mrefu. Mwishowe Bilhah alimwambia, "Zablon, mimi si kikapu. Sema ndiyo au hapana." Akajibiwa, "Nipe hadi Jumapili," na kweli walioana Jumapili, ila ilikuwa ya mwaka uliofuata. Nyuma ya nyumba yao ya kwanza Bilhah alipanda mbegu ya avokado. Mti huo huchukua miaka sita au saba kuzaa, na yeye alidhani miaka anayo.

Mwaka wa 1965, mti ukikaribia kuzaa, alikuja Bwana Chepyegon, mwenyekiti wa timu ya shamba la Kaptebeng, akaketi sebuleni na kofia yake juu ya goti.

"Karani, kwetu utapata nyumba ya vyumba tatu."

"Kimoja ni jikoni?"

"Si lazima mama apike?"

"Na kingine ni cha kuweka mipira na neti?"

Chepyegon alicheka. "Mipira ni mbili tu, Karani. Haina shida."

"Toa kikapu," akasema marehemu. "Ni chumba kimoja."

Lakini Kaptebeng waliruhusu ng'ombe wa pili, na ng'ombe huyo alikaa mkono wa kushoto akauvuta chini. Walihama mwezi wa Machi. Bilhah aliacha darasa lake katikati ya muhula, akaacha na mti. Kaptebeng akapanda mwingine.

Tukio la tarehe 11 Agosti 1968 limesimuliwa kwa njia nyingi kutoka Kericho hadi Longisa, na familia inaomba liandikwe hapa jinsi lilivyokuwa. Ilikuwa fainali ya kombe, Kaptebeng dhidi ya timu ya mji wa Sotik, katika uwanja wa Longisa. Kwa miezi mitatu Bwana Makori, mwenye duka la saruji na mwenyekiti wa Sotik, alikuwa akimwomba marehemu ahamie kwake. Marehemu alikuwa ametoa masharti mawili tu: timu isicheze Jumamosi, na mke wake apate darasa mjini. Makori alikataa la Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo mji hujaa watu. Sasa ikawa mapumziko, Kaptebeng wanaongoza mabao mawili kwa sifuri. Makori alivuka uwanja akikimbia, tumbo likimtangulia.

"Karani! Jumamosi nimeacha. Na mwalimu, nimeongea na kamati ya shule, darasa liko."

Marehemu alichukua vipande viwili vya chungwa kutoka sahani ya wachezaji, kimoja kila mkono. Akafunga macho.

"Leo ni siku gani?" akauliza.

"Jumapili, Karani!"

"Basi nimekubali."

Mtu mwingine angemaliza mechi kwanza. Marehemu alisema mtu hali ugali wa nyumba moja akiwa ameshanawa mikono katika nyumba nyingine. Alivaa koti lake, akawapa wachezaji wa Kaptebeng mkono mmoja mmoja. Golikipa wao, Phelix, alidhani anapongezwa, akasema asante. Kisha akavuka mstari wa katikati, akaketi kwenye benchi la Sotik. Phelix alikuwa mrefu kuliko mlango wa kanisa na alikuwa mzito wa kuinama, jambo ambalo marehemu alikuwa amelificha kwa miaka mitatu kama siri ya nyumba. Sasa aliwaambia Sotik maneno mawili, "Piga chini." Mabao yote matatu ya Sotik yalitambaa.

Mwalimu Bilhah hakwenda Longisa siku hiyo. Alikuwa mezani akisahihisha insha za darasa la tano wakati wanaume wanne wenye matope hadi magotini walipobisha hodi, Chepyegon nyuma yao.

"Habari, Mwalimu. Tumekuja kubeba kabati."

"Kabati linaenda wapi?"

"Sotik."

"Nani anahamia Sotik?"

Walitazamana. Phelix akakohoa. "Ni wewe, Mwalimu."

Walitoa kila kitu nje kwa uangalifu mkubwa na hasira kubwa. Mvua ndogo ikaanza. Chepyegon aliketi juu ya kitanda uani, akafunika rundo la madaftari kwa mwavuli wake, akabaki hivyo mpaka trakta ikapatikana. "Nimekasirikia huyu bwana yako mpaka tumbo inauma," alimwambia Bilhah, "lakini vitabu ya watoto haikucheza mpira." Bwana Chepyegon yuko nasi leo, ameketi upande wa familia, na mwavuli anao.

Juu ya trela, kati ya sufuria na kuku, Bilhah alimwuliza mumewe swali ambalo hakuwahi kuuliza lingine kwa nguvu kama hilo: "Baba Bitutu, kuna siku utachagua mahali, ukae?"

Marehemu alifikiri hadi kwenye kona ya barabara. "Nipe hadi Jumapili," akasema.

Jumapili hiyo ilichukua miaka kumi.

Sotik walikaa hadi 1971. Kisha aliitwa na wafanyabiashara wa mifugo wa Mulot, waliokuwa na mawinga wawili wenye mbio kuliko wote aliowahi kuona. Mbio hizo walizipata mnadani. Siku moja ndama alitoroka wakati wa mechi, mawinga wote wawili wakamfuata kuelekea Narok, na mmoja hakurudi hadi wiki iliyofuata. Marehemu alidumu huko miezi minane. Bilhah alipanda avokado na Mulot pia. Alizoea kusema kwamba watu wa barabara ile nzima wanakula matunda yake na hakuna anayemjua kwa jina.

Mwaka wa 1972 walinunua ekari mbili hapa tulipo, kandokando ya mji wa Sotik. Bilhah alipanda chai na mti wa avokado. Miezi mitatu baadaye Saramek walimwita marehemu arudi. Alisimama pale mlangoni, mikono ikipanda na kushuka.

"Nenda," Bilhah akamwambia. "Mimi nimeshapanda."

Akaenda. Kwa miaka mitano alikuja kila Ijumaa kwa baiskeli kabla jua halijatua, akarudi Jumapili. Akifika alipiga hodi kama mgeni, naye Bilhah alimpa kikombe cha wageni. Walipendana. Lakini nyumba yenye mtu wa siku mbili ina kimya chake siku tano, na Bilhah alikijua kimya hicho vizuri, kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani gizani.

Mwezi wa Februari 1977 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na daktari akasema ni moyo. Mwezi wa Juni aliacha kazi, akaja Sotik na sanduku lake la bati lililofungwa kamba. "Ni kwa muda tu," akasema, kwani timu mbili zilikuwa zimemwandikia. Sanduku liliingia chini ya kitanda na kamba yake. Kila akitaka shati alivuta mkono wa shati hilo kupitia ufa wa kifuniko. Bilhah hakuigusa kamba hiyo. Alipofagia, alifagia kuizunguka.

Mwaka huu alilazwa mara mbili katika hospitali ya misheni. Muuguzi Chepkirui alimpima uzito, naye akafunga macho juu ya mizani.

"Kilo hamsini na nne, Mzee."

"Umetoa viatu, Sista?"

"Nimetoa."

"Na blanketi?"

Muuguzi aliangalia blanketi mabegani mwake, akalitoa, akaandika hamsini na mbili. Marehemu akasema hospitali imepata karani.

Alirudishwa nyumbani tarehe 20 Oktoba. Siku ya Alhamisi tarehe 2 Novemba, kaka yake Nyang'au alikuja kutoka Riamogire, akasema kwa upendo kwamba mahali pake kando ya baba yao pameshapimwa na vigingi vimewekwa, kwa kuwa mtu wa ukoo hulala kwao. Bilhah alimmiminia chai, akatazama chini ya kitanda. Mumewe alikuwa amelala katika nyumba nyingi, na katika hii sanduku lilikuwa bado limefungwa. Siku ya Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, Bilhah aliketi kitandani akamwuliza mumewe.

"Baba Bitutu, Mzee Nyang'au amesema Riamogire. Mimi niko hapa. Wewe utalala wapi?"

Mikono ilitoka chini ya blanketi polepole. Ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda.

"Nipe hadi Jumapili."

Bilhah alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akatoka nje akasimama kwenye chai yake hadi giza likaingia. Sabato yote hakuna aliyelitaja jambo hilo. Bilhah hakujua kama mtu huyu, ambaye Jumapili zake zilikuwa na miaka ndani, angefika hii moja.

Alifika. Alifariki siku ya Jumapili tarehe 5 Novemba 1978, saa nne na dakika arobaini asubuhi, baada ya kunywa nusu kikombe cha chai na kusema ina maji mengi.

Ameacha mjane, Mwalimu Bilhah, watoto, Bitutu, Nyaberi na Kerubo, kaka, Mzee Nyang'au, dada, Mama Kwamboka wa Riamogire, ng'ombe watatu, timu nne ambazo kila moja inasema alikuwa wao, na mti wa avokado ambao mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza. Bwana ampumzishe pahali ambapo hakuna mwenyekiti atakayemwandikia barua.

Wako waliouliza kwa nini hakupelekwa kwao. Mzee Nyang'au, aliyekuwa amesimama mlangoni asubuhi ile na ambaye ameng'oa vile vigingi kwa mkono wake, ameomba maneno ya mwisho ya ndugu yake kwa mkewe yachapishwe kama yalivyosemwa, bila kutoa kikapu:

"Mama Bitutu, leo ni Jumapili. Fungua hiyo kamba. Sihami tena."