Pindo la Taya: Maisha ya Bi Zuleica Mwinyimadi (1958–2016)

Yamesomwa na Rizuane, mtoto wa dada yake, mazikoni Palma, Jumamosi tarehe 20 Agosti 2016. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea.

Bi Zuleica alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Palma, kitinda mimba wa Mzee Mwinyimadi na Bi Zena. Alikuwa mtoto wa kuota mchana kweupe. Akitumwa chumvi, alirudi na makombe ya pwani, chumvi kaisahau. Mama yake akisema, "Huyu mwili uko hapa, roho imeshafika kisiwani Rongui."

Alianza chuoni kwa Kurani, akasoma shule Mocímboa da Praia, na mwaka 1981 alihitimu utabibu wa meno Maputo. Alifanya kazi Pemba miaka ishirini.

Mwaka 1984 aliolewa na Bwana Abibo, fundi cherehani. Siku ya posa Abibo alicheka kwa kufumba mdomo, maana ana pengo. Zuleica akamwambia, "Funua tu, mwanaume. Mimi nala kwa mapengo ya watu." Wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1996 Bi Zena alimwendea binti yake Pemba, gego linamuuma. Zuleica akampiga eksirei ya taya zima, akaliona gego bovu, akaling'oa. Mama akarudi nyumbani anacheka. Miaka mitatu baadaye akateleza uani na ndoo ya maji, nyonga ikavunjika. Alilala kitandani miezi saba, akafariki.

Mwaka 2001 Zuleica alihamia Nampula kufundisha. Akiandaa masomo, alisoma kwamba mifupa ya mama mtu mzima ikianza kuwa myepesi, ukingo wa chini wa taya nao hukonda, na huonekana kwenye picha ya meno. Akaitoa ile picha ya mama yake. Ukingo ulikuwa umelika, mwembamba. Masikini, alilia siku tatu.

Tangu hapo kila mwaka alianza somo kwa kuinua picha ile dirishani. "Nani alilala hapa?" "Mimi," anajibu mwenyewe. "Nilitazama jino tu. Jino ni mji wa leso, pale katikati, kila mtu anauona. Nyie tazameni pindo, ukingo wa taya. Pindo likikonda, mwambieni mama wa watu akapimwe mifupa kabla hajaanguka."

Mwaka 2012 watu wa gesi walijaa Palma, wakipiga picha chini ya bahari kuitafuta. Kampuni moja ikaleta mashine ya eksirei ya meno kwa wafanyakazi wake. Zuleica akaiomba kwa Jumamosi chache kila mwaka, akaja na wanafunzi wake kuwapima kina mama wa hapa. Alisema, "Mji mzima unaota gesi, mimi naota mifupa."

Juni 2013 alikuja dada yake, Bi Awa, kashika shavu. Zuleica akainua picha kwenye mwanga. "Gego hilo, dada. Linatoka leo leo!"

Nyuma yake mwanafunzi wake Atija akasema kwa sauti ndogo, "Profesora, samahani sana. Na pindo je?"

Zuleica akatazama upya. Pindo limekonda; ilikuwa kama picha ya mama yao tena. "Ya Rabi, nimelala mara ya pili!" Akamkumbatia Atija, analia na kucheka pamoja. "Sasa hata nikifa, yupo wa kutazama." Bi Awa akapelekwa kupimwa mifupa, akaanzishiwa dawa.

Januari 2016 figo zilimwangusha, akarudishwa nyumbani hapa Palma. Siku nyingi aliomba mlango uachwe wazi, akiishika ile picha ya mama yake kwenye mwanga. Aliaga dunia jana Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Picha ameachiwa Atija, ambaye sasa anafundisha.

Ameacha mume, Bwana Abibo, watoto wake, Rafique na Laila, wajukuu wanne, na dada yake Bi Awa, mwenye miaka sitini na mitatu, aliyefika msibani leo alfajiri kwa miguu yake mwenyewe, bila fimbo.

Basi lala, mama mdogo. Leo hakuna wa kukuuliza nani alilala.