Sindano ya Mzee Wendelini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita kazini, Mzee Wendelini Lipangile anastaafu, na mbu wa bonde zima la Kilombero wanapoteza mlo wao mkuu. Kwa damu tamu, kituoni hapa namba mbili ni mimi. Sasa napanda cheo.

Kwa wasiotujua: kituo chetu hupima vyandarua vya mbu; kipya kikiletwa, mmoja wetu analala ndani yake kwenye kibanda cha majaribio, mwingine ndani ya chandarua cha zamani. Asubuhi tunawafyonza mbu kwa mrija, wafu huku, wazima kule, tujue chandarua kipi kimelinda zaidi. Vyandarua vyote tunavitoboa makusudi, maana hata vya majumbani havikosi matundu.

Sasa Mzee aliajiriwa akitoka kwenye cherehani, Mlimba, na mkono wake haukujua kuliacha tundu likae. Wiki ya kwanza tu akachomoa sindano, akaziba matundu ya chandarua cha zamani, tena kwa ufundi ambao hakuna aliyeona. Matokeo yakatoka: cha zamani kimekishinda kipya! Kipya kikawa kinangoja kukataliwa.

Mzee akapata habari. Ana watoto wadogo, kibarua ndiyo kwanza kimeanza, na akinyamaza nani atajua?

Mpishi wetu, Bi. Fotunata, anaikumbuka asubuhi ile. Alimwona anapita jikoni mbiombio.

“We Wende, chai hunywi?”

“Nikirudi, dada. Kama nitarudi.”

Mkuu wa kituo alimsikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa.

“Nani kakutuma ushone?”

“Hakuna, bosi. Niliona aibu kumlaza mtu kwenye kitu kilichochanika.”

“Lete hiyo sindano.”

Akaitia kwenye droo, akafunga, kisha akamkabidhi mkasi: kuanzia leo, mtoboaji ni wewe. Jaribio likarudiwa, kipya kikashinda, na ndicho tunachokitumia leo majumbani. Chai aliikuta imepoa, akanywa vikombe viwili.

Tangu hapo ametoboa kwa uaminifu, huku anaguna kila tundu. Nimejaribu kumfikia kwa mkasi; karibu nimfikie. Kwa kuguna, bado sana.

Mzee wetu, asante kwa damu yako, na zaidi kwa asubuhi ile. Sasa paka mafuta yanayonukia, tuliyokatazwa kazini, lala mpaka jua lipande, hakuna atakayekuja na mrija. Siku ya kukuaga utapewa chandarua kipya, nacho, samahani, tumekitoboa kwa mazoea. Ila droo imefunguliwa, na sindano yako ipo. Ziba yote, Mzee, na ulale salama.