Honorata Castory, Fundi Aliyetia Sahihi kwa Ajili ya Kichwa Chake

Honorata Castory alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1981, Katubuka, katika nyumba ileile lilikotoka jeneza lake leo asubuhi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Castory, mpagazi wa bandarini Kigoma, na Mama Merina, ambaye wengi wenu mmenunua dagaa wake Kibirizi. Wazazi hao waliteremka kutoka Kasulu wakiwa vijana, na nyumbani kilisemwa Kiha. Kiswahili Honorata alikiokota sokoni na shuleni, akakisema hadi siku ya mwisho kwa lafudhi ambayo hakuwahi kuionea haya. Wasifu huu ameuandika na anausoma mdogo wake, Recho.

Tangu utoto hakukubali kitu bila kuona kilivyoundwa. Pasaka ya mwaka 1992, siku mbili kabla ya Misa, alifumua gauni jipya la mama yake na kulitandaza vipande vipande juu ya mkeka. Mama alipoingia alishika kichwa. "Usilie, mama," Honorata alimwambia, "nimeshajua lilivyoungana." Akalishona upya kwa sindano ya mkono. Mama alikwenda nalo kanisani, na mkono mmoja ulimbana Misa nzima. Alilivaa miaka sita zaidi na hakuruhusu fundi mwingine aurekebishe.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Katubuka kuanzia 1989 hadi 1995. Nafasi ya sekondari hakuipata. Mwaka 1997 alijiunga na mafunzo ya ushonaji ya masista mjini Kigoma, akahitimu 1999. Walimu wake walishangazwa na jambo moja: hakuandika vipimo. Alimpima mtu mara moja, akavishika kichwani vipimo vyote saba, kisha akachukua mkasi na kukata. Mwaka 2000 alifungua kibanda chake, na kwa miaka minane harusi nyingi za Katubuka zilivaa kazi ya mikono yake.

Tarehe 8 Novemba 2003 alifunga ndoa na Heritier, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Martini mwaka 2005 na Eufrasia mwaka 2007.

Sasa tunafika mahali ambapo baba yetu mdogo, Mzee Meshack, alishauri tuandike tu kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Tumemsikiliza, tunamheshimu, na tumekataa. Honorata alikuwa na skizofrenia. Ni ugonjwa wa ubongo, una jina, na jina hilo limechapwa kwenye karatasi mlizoshika mikononi.

Ulimwanza Oktoba 2008. Alisikia sauti za wanawake wakimtukana kutoka ziwani, hata akiwa ndani na madirisha yamefungwa. Heritier alikuwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa kazi ya injini, na sisi ndugu zake tulimleta nyumbani kwa wazazi. Tulimpeleka kwa waganga, tukampeleka kwenye maombi, kisha tukamfungia chumbani kwa kufuli. Alikaa humo miezi minne. Tunalisema hili mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye mwenyewe alitusamehe, lakini hakuturuhusu tusahau. Heritier aliporudi Februari 2009 hakuuliza ufunguo uko wapi. Alivunja kufuli kwa nyundo na kumpeleka mkewe hospitali.

Haikupita muda, wazee wa upande wake walikuja kumshauri amrudishe Honorata kwao moja kwa moja. Heritier aliwapa viti, akawapa chai, kisha akawaambia, "Injini ikizima katikati ya ziwa, mtu haruki majini. Anaifungua na kutafuta kilichoharibika." Wazee walimaliza chai yao wakaondoka.

Dawa zilizipunguza zile sauti, lakini hazikumrudishia akili yake ya kazi. Wengi hawakulielewa hili. Walimwona ametulia wakasema amepona. Honorata alijua hajapona. Alibandika sufuria bila maji. Mtu alimwambia mambo matatu, la kwanza likapotea kabla ya la tatu kufika. Mwaka 2011 alijaribu kumshonea Eufrasia sare ya chekechea, akakata mikono miwili ya kushoto. Aliitazama mezani kwa muda mrefu, akafunika cherehani kwa kanga. Kanga hiyo ilikaa hapo miaka kumi na moja.

Januari 2022 Daktari Mwinshehe, aliyekuwa akimtibu, alimweleza habari za utafiti uliokuja Kigoma. Mgonjwa huwekewa kichwani sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, na umeme mdogo sana wa betri hupita kati yake kwa dakika ishirini, huku akifanya mazoezi ya kumbukumbu. Hapasuliwi wala halazwi usingizi. Lengo halikuwa kufukuza sauti, lilikuwa kuisaidia akili ishike na kupanga mambo. Daktari hakumficha kwamba si hakika ingemsaidia. Alimweleza pia kwamba nusu ya wagonjwa wangewekewa sponji zilezile bila umeme, na hakuna ambaye angejua yuko kundi gani hadi mwisho, ili ijulikane kama nafuu inaletwa na umeme au na matumaini.

Karani wa utafiti alimsogezea fomu kaka yetu Elieza, aliyemsindikiza siku hiyo, ili asaini kwa niaba ya mgonjwa. Honorata aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Kichwa ni cha nani?" aliuliza.

"Ni chako, mama, lakini utaratibu—"

"Basi nisomee. Nikisahau, utanisomea tena."

Alisomewa mara nne. Kila mara alirudia kwa maneno yake alichoelewa, na alipokosea aliomba warudie. Daktari Mwinshehe aliridhika kwamba anaelewa, na Honorata akatia sahihi mwenyewe, polepole, herufi zote.

Mtaani maneno yalienea. Walisema anaunganishwa na nyaya za nguzo. Walisema atarudi bubu. Jirani mmoja alimsimamisha njiani, akamwambia, "Mwenzangu, watakukaanga ubongo." Honorata alimjibu, "Miaka yote hii nilipokuwa gizani hukuniletea hata kiberiti. Leo ndiyo unaogopa umeme?" Akaendelea na safari. Alihudhuria siku tano kwa wiki kwa wiki nne, na hakukosa hata moja. Siku mvua ilipobomoa njia alifika na matope hadi magotini, akawasalimia wote kwa Kiha, "Mwakeye," kama aliyetoka kunawa uso.

Mazoezi ya namba hakuyapenda. Kila alipotakiwa kurudia namba alilalamika kwamba hazina mwenyewe. "Nipeni kifua, kiuno na urefu wa mtu, nitajua ninamshonea nani," alisema. Walimwambia kipimo cha utafiti hakibadilishwi, ila nyumbani anaweza kujizoeza atakavyo. Kila jioni alimpima Heritier, hadi mume wake akasema hakuna mtu Kigoma nzima anayejulikana kiuno kama yeye.

Septemba 2022 utafiti ulipofungwa aliitwa kuelezwa kundi lake. Honorata alikuwa kwenye kundi lisilopewa umeme. Recho, aliyemsindikiza, alianza kulia. Honorata alicheka hadi akashika mbavu. "Nusu ya Katubuka inasema mmenikaanga," alimwambia daktari, "kumbe hata jiko hamkuwasha!" Alipomaliza kucheka alinyoosha kidole kwenye fomu. "Humu mliandika kwamba tuliokosa tutapewa baadaye, tukitaka. Mimi nataka."

Alipewa mwezi Oktoba, wiki nne kamili. Alisema sponji ziliwasha kidogo, kama mchanga kwenye ngozi yenye jasho. Wiki ya tatu alimpima Heritier na kukumbuka vipimo vinne, na wiki iliyofuata vitano. Kwenye utafiti wapo waliopata nafuu, na wapo waliotoka kama walivyoingia. Watu wakisema mashine imemponya, aliwakatalia: dawa anameza kila siku na sauti bado humjia mara mojamoja. Wakisema mashine haikufanya kitu, aliwakatalia vilevile. "Umeme ulinisukuma," alisema, "lakini aliyetembea ni mimi."

Tarehe 9 Januari 2023 aliondoa kanga juu ya cherehani. Kwenye vipimo saba hakurudi tena. Vitano alivishika kichwani, viwili aliviandika mezani kwa chaki, na mteja aliyecheka alishonewa wa mwisho. Mwaka huohuo alishona sare za kwaya yote ya kigango, mikono ya kushoto na ya kulia. Kisha alimwomba Daktari Mwinshehe ampatie wanafunzi kutoka kliniki yake, watu wenye ugonjwa kama wake, na wawili wakaja. Aliwafundisha kwa hatua mojamoja, akirudia bila kuchoka.

Ugonjwa uliomwondoa haukuwa wa kichwa. Januari 2024 alianza kuvuja damu na kuumwa tumbo la chini. Mara tatu alikwenda kituo kimoja cha afya, na mara tatu mhudumu alisoma kadi yake ya dawa, akamwambia ni mawazo. Mara ya tatu Honorata hakuinuka kwenye kiti. "Sauti nazijua," alisema, "nimeishi nazo miaka kumi na sita. Haya ni maumivu." Alikaa hapo hadi akaandikiwa barua ya rufaa. Agosti ilibainika kuwa ni saratani ya shingo ya kizazi, na ilikuwa imeshasambaa. Alitibiwa Mwanza, akarejea nyumbani Januari mwaka huu. Hatusemi kwamba wangemwahi angeishi, hilo hatulijui. Tunasema aliumwa, akasema anaumwa, na hakusadikiwa.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, Heritier akiwa amemshika mkono. Alikuwa na fahamu zake. Dakika chache kabla alikuwa akimwelekeza Eufrasia namna ya kukunja pindo.

Baba yetu, Mzee Castory, alimtangulia mwaka 2016. Marehemu ameacha mume, Heritier. Watoto wawili, Martini na Eufrasia. Mama mzazi, Mama Merina. Kaka yake Elieza na mdogo wake Recho. Na wanafunzi wake wawili, Mwanvua na Eliakimu. Kuna walioshangaa kuwaona hao wawili wameketi mstari wa mbele pamoja na wafiwa. Wako hapo kwa sababu familia imewataka wakae hapo, na kuanzia Jumatatu kibanda kitafunguliwa na wao.

Bwana ampokee Honorata jinsi alivyo, bila kumficha. Apumzike sasa, na amani aliyoipigania iwe yake.