Bao Alilolikataa Mwenyekiti

Mzee wetu, ambaye nusu ya mtaa ilimwita Mwenyekiti na nusu nyingine Refa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma mpaka darasa la nane, baba yake akafariki, cherehani ikabaki bila mtu.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, akapanda kutoka kupakia maboksi mpaka ufundi mitambo. Mwaka 1984 wenzake walimchagua mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, wakamrudisha kila uchaguzi kwa miaka ishirini na minne. Glavu, viatu vya kazi, likizo ya uzazi: yote hayo yalipatikana kwa koo lake. Timu ya mpira ya kiwanda aliianzisha yeye.

Tarehe 22 Desemba 1973 alifunga ndoa na karani wa stoo, wakajaliwa watoto wanne. Nyumbani alikula na filimbi shingoni. Watoto wakigombea kipande cha nyama, ililia, na mkosaji akamalizia chakula jikoni. Mama mwenyewe aliwahi kuonyeshwa kadi ya njano kwa kuzidisha chumvi. Akamjibu, "Sawa. Kesho refa atapika." Kadi ikafutwa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2008, ilichezwa fainali kati ya wafanyakazi na watu wa ofisini. Alichezesha yeye, maana pande zote mbili zilimwamini. Dakika ya themanini na nane, kitindamimba wake, aliyeacha chuo mwaka wa pili akaombewa kazi ya kupakia na baba huyohuyo, alitumbukiza mpira wavuni. Filimbi ikalia: mkono! Wafanyakazi wakaja kufungwa kwa penalti.

"We, umeshika, hujashika?" wenzake walimzingira kijana.

"Kichwa safi! Haki ya Mungu!"

Uchaguzi ulikuwa Agosti. Ukumbi mzima ulimzomea Mwenyekiti: "Msaliti! Kanunuliwa na ofisi!" Yeye alisema tu, "Niliona nilichoona," akakaa. Akaangushwa. Kijana alikuwa safu ya nyuma, mikono mfukoni.

Novemba 2023 Mzee alipatwa na kiharusi. Alipolazwa mara ya mwisho, kitindamimba alikaa kando ya kitanda siku kumi na saba akitafuta pa kuanzia.

"Sema, bwana mdogo."

"Nilikuwa nauliza kama unataka maji, baba."

"Maji tena? Unataka nizame kitandani?"

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi. Kijana alikuwa bado ameshika glasi.

Ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na rasimu ya kwanza iliiruka fainali. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Na mpira umeupeleka wapi?"

"Mama..."

"Baba yako alikuona. Alisema utasema mwenyewe ukikua. Una miaka arobaini na mmoja, unasubiri meno ya tatu?"

Basi na isomwe mbele ya jeneza hili, na mbele ya wanachama mliokuja na fulana za timu: ulikuwa mkono. Wa kulia. Mwenyekiti hakununuliwa na mtu. Aliangushwa na uongo wa mwanawe.

Ameacha mjane, mabinti watatu, wajukuu tisa, na mwana mmoja anayesoma haya bila kuthubutu kuinua uso.

Refa apumzike kwa amani. Uamuzi wake ulikuwa sahihi.