Kirangozi Hafuniki Uso

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, na nyinyi akina kaka wawili mnaojibana karibu na mlango kana kwamba kikundi hiki cha mafundi cherehani kitawameza, habari za mchana. Mwenyekiti ameniomba nisimame niseme yaliyonipata, na akanionya nisitaje jina la mtu. Sitataja. Ila wengine mtajitambua, na mkicheka sana mtakuwa mmejitaja wenyewe.

Mnanijua kama fundi wa pale Chemchem, lakini wengi wenu hamkuiona sura yangu mpaka mwaka jana. Miaka mitatu nilishona nimevaa barakoa, wakati watu wote walishazitupa. Mteja akiuliza, namwambia vumbi la vitambaa linanikaba. Vumbi la watu nililisingizia bure. Zilikuwa chunusi.

Zilianza nikiwa kidato cha pili, kwetu Sikonge. Si zile mbili tatu za kila msichana. Zilijaa mashavu na kidevu, nyingine kubwa zenye usaha, zinauma hata ukilalia mto. Baba yangu anafuga nyuki porini, na nyumbani kwetu ukiungua ni asali, ukikohoa ni asali, ukijikata na jembe ni asali. Akanitazama, akasema, "Paka asali, mwanangu, zitaisha." Nikapaka. Zisipopungua, naongeza limau. Kisha yai. Kisha dawa ya meno, niliyoambiwa na rafiki. Ndugu zangu, nawaambia, uso huu ulipakwa kila kitu isipokuwa rangi ya nyumba.

Nilipokuja mjini kujifunza ushonaji ndipo nikakutana na kosplei. Najua mmeniuliza mara nyingi ile ni kitu gani, na mama mmoja humu aliwahi kuniuliza kwa upole kama ni mambo ya mizimu. Ni hivi: unachagua mhusika wa katuni au wa michezo ya kwenye simu, unajishonea mavazi yake, unamtengenezea silaha kwa sponji na plastiki ya ndoo, halafu vijana mnakutana na kupita mbele za watu mkiwa wahusika hao. Basi. Ni kushona tu, ila hakuna anayekurudishia nguo akisema kiuno kinabana.

Niliipenda kupita kiasi. Tulikuwa wanne, na mimi kila mara nilichagua mhusika aliyefunika uso: askari wa kofia ya chuma, jambazi la kitambaa puani. Wenzangu walidhani ndio mtindo wangu. Jasho linanitiririka ndani ya sponji, chunusi zinanenepa, na mimi nazificha kwa kofia ileile iliyozinenepesha.

Siku moja mwenzetu anayejua kuchora akabuni hadithi yake mwenyewe. Ilikuwa ya msafara wa zamani, wale wapagazi wa kwetu waliobeba mizigo kutoka huku hadi pwani, ila wa kwake unaongozwa na mwanamke. Mnajua mbele ya msafara alitangulia kirangozi, yule anayeijua njia, kajipamba joho jekundu na manyoya kichwani ili hata mtu wa mwisho amwone. Akanionyesha daftari. Yule mwanamke alikuwa na mstari wa dhahabu kutoka shavu hadi shavu, uso wazi.

"Huyu ni wewe," akaniambia. "Hilo joho hakuna mwingine wa kulishona."

Nilitamani kuwa yule mwanamke kuliko nilivyoitamani nguo yoyote niliyowahi kuigusa. Nikakubali, nikarudi chumbani nikalia.

Joho nilimaliza kwa wiki mbili. Uso ndio ulionishinda. Hapo nikafanya jambo ambalo nadhani ni mtoto wa mfuga nyuki tu anayeweza kulifanya. Nilikuwa na nta ya kulainishia uzi. Nikaiyeyusha na mafuta ya nazi, nikachanganya na poda, nikaziba vipele na mashimo yote kama fundi anayesiliba ukuta. Ikatoka laini. Nikajitazama kwenye kioo nikajiona mzuri, na nikakaa nayo usoni kila siku ya mazoezi.

Siku yenyewe tulikuwa uwanjani, jua la saa nane mchana. Nimesimama mbele ya msafara, fimbo mkononi, watu wanapiga picha. Nikasikia mlio ninaoujua tangu utotoni. Nyuki mmoja akatua shavuni. Akaja wa pili, na wa tatu. Ile nta sikuwa nimeichuja vizuri, bado ilikuwa na harufu ya asali. Wapagazi wangu wote wakatupa mizigo wakakimbia. Mimi nimelelewa nikijua kwamba nyuki hapigwi, unatulia. Nikatulia. Wananitembea usoni, nta inayeyuka na kushuka shingoni pamoja na dhahabu yake, na simu zote zimenielekea. Walipoondoka nikajifuta kwa pindo la joho. Msichana mmoja pale mbele akasema, "Kumbe yuko hivyo."

Nyuki hawakuniuma siku ile hata mmoja. Lakini yale maneno matatu niliyabeba miezi mitano.

Video ilizunguka. Uso ukavimba majipu. Nikatundika pazia katikati ya chumba cha kazi, mteja anakaa upande wake na mimi wangu, nguo inapita chini. Sikonge sikwenda, baba nikamwambia kazi zimenizidi. Joho nikalikunja, nikapanga kulichana nishonee foronya za mito ya makochi, ila nilipolitafuta sikulipata.

Aliyenitoa nyuma ya pazia yupo humu. Alikuja kushonesha gauni, nikamwambia kutoka kule nyuma, "Mama, nitajie kipimo cha kifua."

"Kifua changu sikitangazii pazia," akanijibu. "Toka."

Nikatoka. Akanitazama, wala hakunipa pole. Akasema, "Kesho kuna kliniki ya ngozi. Jiandae, nakupitia."

Mimi sikujua kwamba chunusi zina kliniki. Nilidhani ni za watu wasionawa vizuri. Nesi akaniuliza nimewahi kupaka nini, nikaanza: asali, limau, yai, dawa ya meno, sabuni ya kufulia, nta. Akaacha kuandika. "Huu uso umekula kuliko mimi tangu asubuhi," akasema. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele ya mtu nikiwa uso wazi.

Daktari akaniambia ni ugonjwa kama mwingine, una dawa. Niache vyote nilivyokuwa napaka. Nioshe mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, jioni nipake dawa kidogo, nisiminye. Nikivaa kofia ya sponji niweke kitambaa cha pamba ndani na niivue mapema. Halafu nisubiri miezi mitatu kabla sijasema haifanyi kazi. Na naomba msije kuniazima dawa yangu. Nendeni mpimwe, kila uso na dawa yake.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Ngozi ilikauka ikabanduka. Tena ile dawa inafifisha rangi ya nguo, mto wangu wa bluu ukawa na mabaka meupe. Kuna suti nyeusi nilimrudishia mtu ikiwa na doa kwenye kola, nikamwambia ni jua. Haikuwa jua, ulikuwa mkono wangu. Kama umo humu, nisamehe, nitakubadilishia kola.

Wiki ya sita nikakata tamaa. Nilikuwa nimeshateremsha chupa ya asali kabatini, nasema bora nirudi kwa ninachokijua. Siku hiyohiyo baba akaingia bila taarifa, dumu la asali mkononi. Nikamwamkia nimeinama. Akaniinua kidevu.

Nikamwambia yote. Kliniki, dawa, na kwamba wamenikataza asali. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana kumwambia baba yangu asali haifai ni kumwambia maisha yake hayafai. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ulikuwa unapaka mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne. Nikiona kipya, tano."

"Nikitundika mzinga mpya juu ya mti, huwa naenda kuufungua kila siku?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Nyuki watahama."

"Basi na uso wako uache." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyekuanzishia. Sikujua, mwanangu." Akachukua ile chupa yangu na lile dumu lake akavipeleka jikoni. "Hii ni ya chai."

Nililia sana. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia baba yangu akisema hakujua kitu. Nikaendelea na dawa.

Mwezi wa nne zile kubwa ziliisha. Leo mnaniona: madoa yapo, na hapa kidevuni kuna mbili zimeamka tangu juzi. Mwezi uliopita nililivaa lile joho nikatangulia mbele ya msafara. Ile rangi ya dhahabu ya usoni niliijaribu kwanza chini ya taya siku tatu, na baada ya onyesho niliiosha palepale. Baba alikuja na koti lake la kanisani. Akauliza kwa nini pembe za ndovu walizobeba wapagazi tumezitengeneza kwa godoro, kisha akapiga picha, zote hazionekani vizuri.

Mama uliyekataa kulitajia pazia kipimo, asante. Wenzangu watatu wa kosplei, kumbe ndio mliolificha joho langu nisilichane, asanteni. Baba nitamwambia mwenyewe. Ninalotaka mlichukue ni dogo: mtu akijificha, msimpelekee dawa ya kupaka. Mpelekeni kwa anayejua, na mwende naye.

Sasa namalizia. Kuna mtu humu amekaa pembeni, na tangu nianze kusema mkono wake hautoki shavuni. Sikutazami, usiogope. Alhamisi ni siku yangu ya kliniki. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimesimama nje ya mlango wangu pale Chemchem. Huna haja ya kunieleza kitu. Njoo tu, njia ninaijua.