Bwana Shamba Aliyeandika kwa Ulimi Wake: Historia ya Marehemu Cornel Otmar Nkwabi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Nkwabi, mimi Evance, mdogo wa marehemu, naomba masikio yenu, tumsindikize kaka yetu kwa kumsema alivyokuwa, bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Marehemu Cornel alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 hapa Bukombe, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Otmar Nkwabi na Mama Martina Limi, akabatizwa Ushirombo, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1971 hadi 1977, sekondari Shinyanga hadi 1981, kisha akapata cheti cha kilimo Ukiriguru mwaka 1984.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa ofisa ugani Kahama, akaanza kuitwa Bwana Shamba, jina alilolipenda kuliko la ubatizo. Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na Jenifa, ndiye Mama Nelly aliyeketi hapa, wakajaliwa Nelly, Adam na Wiliam. Mwaka 1988 alitoroka kwenda kuchimba dhahabu Rwamgasa, akarudi baada ya wiki tatu na kikohozi, bila hata punje.

Mwaka 2022, akiwa amehamishiwa kijijini hapa, alikabidhiwa daftari la kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku, na kaka, Msukuma damu ambaye hakupatana kamwe na herufi R, aliandika majina kama alivyoyatamka, Serafina akawa Selafina, Gregory akawa Gelegoli. Msimu huo watu arobaini na saba walisubiri namba ya kuchukulia mbolea kwenye simu zao, haikuja, wakavuna mabua.

Julai 2023 ilikuja timu ya kutathmini ugawaji, ikalinganisha daftari na vitambulisho vya taifa, ikaandika kwamba hao arobaini na saba ni wakulima hewa na wafutwe, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mwenyekiti wetu, Mzee Stanslaus, ndiye aliyekula mbolea yao. Hatutaficha kwamba kaka alishaliona kosa lake, akanyamaza siku mbili, kwa kuwa alibakiza mwezi mmoja kustaafu na aliogopa kuondoka na doa. Siku ya tatu, tarehe 12 Julai, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema, “Hawa si hewa, ni ulimi wangu,” akaomba vitambulisho viletwe, akasoma jina mojamoja, mkutano ukicheka na yeye akilia. Majina yalisahihishwa, yeye akastaafu na barua ya onyo, na Novemba mbolea ikafika. Wakati ule familia tuliona aibu, leo tunaona fahari.

Kisukari, alichogundulika nacho mwaka 2019, kilimharibia figo mwaka huu, akalazwa Kahama, kisha hospitali ya rufaa, akafariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, maofisa ugani wenzake, na majirani waliochimba kaburi. Unga wa ugali tuliokula tangu Jumanne haukununuliwa, kaya arobaini na saba zimeleta kila moja debe la mahindi, na aliyeyapokea mlangoni ni Mzee Stanslaus.

Bwana Shamba, watu wako wamevuna. Pumzika kwa amani.